Uchambuzi: Bakteria rafiki ni walinzi wa mgomba, si waganga wake

Zaidi ya miaka kumi imepita tangu aina hatari zaidi ya mnyauko wa migomba, inayojulikana kwa kifupi kama TR4, ithibitishwe kwa mara ya kwanza barani Afrika. Ilikuwa mwaka 2013, katika shamba kubwa la biashara mkoani Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Ukitoka Nampula kuelekea kaskazini unapita mkoa wa Cabo Delgado, kisha unafika mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto huo ni Tanzania. Mwaka 2019 kuvu hiyo hiyo iligunduliwa Mayotte, kisiwa kilicho katika funguvisiwa la Komoro na ambacho kiko chini ya utawala wa Ufaransa.

Kwa nchi za Maziwa Makuu habari hizi si za mbali. Kuanzia Kagera hadi Gitega, kutoka Mbarara hadi Kivu, mgomba ni chakula cha kila siku, ni pombe ya sherehe, na ni fedha ndogo lakini za uhakika za kununulia chumvi na kulipia ada ya shule. Mgomba hauna msimu mmoja wa mavuno. Hutoa mkungu leo na mwingine baada ya wiki chache, na kwa kaya nyingi ndiyo kinga ya njaa mahindi na maharage yanapokosekana.

Mnyauko huu hauna dawa ya kunyunyizia inayouponya. Ndiyo maana watafiti wamegeukia viumbe wadogo wanaoishi kwenye udongo wenyewe: bakteria wanaoweza kuizuia kuvu isiufikie mzizi, au kuuandaa mmea ujilinde. Je, bakteria hao hufanya kazi? Hufanya kazi, lakini kwa masharti. Swali zito zaidi ni iwapo nchi jirani zitatimiza masharti hayo kwa pamoja kabla maradhi hayajavuka mpaka, na ni nani atakayebeba gharama.

Adui anayeishi udongoni

Mnyauko fuzari husababishwa na kuvu, au fangasi kama wengi wanavyosema, wa jamii ya Fusarium. Kuvu hiyo huingia kupitia mizizi, hupanda hadi kwenye tunguu na shina, na huziba mishipa inayosafirisha maji. Majani ya chini hugeuka manjano kuanzia pembezoni, hulegea, kisha huning'inia kuzunguka shina kama sketi iliyochakaa. Shina likikatwa huonekana mistari ya rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu. Mgomba unaweza kufa bila kutoa mkungu.

Ugumu wa maradhi haya uko kwenye kumbukumbu ya udongo. Mgomba unapokufa, kuvu haifi nao. Huacha mbegu zenye ganda gumu ambazo hubaki udongoni kwa zaidi ya miaka 20, zikisubiri mzizi mwingine upite karibu. Mkulima anayeng'oa mgomba uliokufa na kupanda mwingine wa aina ile ile mahali pale pale huwa amelisha adui yake. Nchini Afrika Kusini, wakulima walijaribu kufukiza udongo kwa gesi ya methili bromidi. Nafuu iliyopatikana ilidumu miaka michache tu, kisha kuvu ikarudi. Gesi yenyewe ilikwishawekwa kwenye orodha ya bidhaa zinazoondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal, kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni.

Historia ya zao hili duniani inatoa onyo. Hadi katikati ya karne iliyopita, biashara ya kimataifa ya ndizi ilitegemea aina ya Gros Michel, ambayo Waganda huiita bogoya. Mnyauko fuzari wa aina ya kwanza uliangamiza mashamba ya Amerika ya Kati, na kufikia miaka ya 1960 makampuni yalikuwa yamehamia kwenye aina ya Cavendish, ambayo kuvu hiyo haikuiweza. TR4 ndiyo iliyobomoa ngome ya Cavendish. Ilianza kutesa Asia, ikafika Msumbiji, kisha Kolombia mwaka 2019, Peru mwaka 2021 na Venezuela mwaka 2023.

Afrika Mashariki ina hali yake. Aina ya kwanza ya kuvu hiyo imo mashambani tangu zamani, na huathiri ndizi za kisukari, ambazo Wanyarwanda huziita kamaramasenge, pamoja na bogoya na kayinja, ndizi inayotumika sana kutengenezea pombe. Matoke na ndizi nyingine za nyanda za juu huistahimili. Kwa hiyo mkulima wa kanda hii anaufahamu mnyauko kama maradhi yanayochagua: unaua kisukari na kuacha matoke yamesimama pembeni yake. Hatari ya TR4 ni kwamba huongeza orodha ya wahanga. Huua aina zinazouawa na kuvu ya zamani, na huua pia Cavendish iliyokuwa salama.

Bakteria mbaya, bakteria mwema

Kabla ya kuwaeleza wakulima juu ya bakteria rafiki, maafisa ugani wanakabiliwa na kikwazo cha lugha na cha kumbukumbu. Katika kanda hii neno bakteria, likitajwa pamoja na mgomba, huamsha huzuni. Mwaka 2001 mnyauko mwingine, huu wa bakteria, uliripotiwa nchini Uganda, na katika miaka iliyofuata ukaenea Kongo, Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi. Ulifuta mashamba mazima, na tofauti na mnyauko fuzari haukuchagua: matoke, kisukari na kayinja zote zilianguka.

Magonjwa hayo mawili huchanganywa mara kwa mara, na mkanganyiko huo una gharama. Mnyauko bakteria huozesha matunda kabla hayajakomaa na hutoa usaha wa manjano pale shina linapokatwa. Huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na huenezwa pia na visu na mapanga yasiyosafishwa. Mnyauko fuzari hautoi usaha. Alama yake ni mistari ile ya kahawia, nao husafiri kwa udongo, maji na miche. Kukata ua dume kwa kijiti chenye panda kumeokoa mashamba mengi dhidi ya mnyauko bakteria, lakini hakusaidii chochote dhidi ya kuvu iliyomo udongoni.

Hivyo basi bakteria kama jina si rafiki wala adui. Ni ulimwengu wenye maelfu ya jamii. Baadhi huua mgomba, wengi hawaujali, na wachache huishi kwenye mizizi yake wakila sukari inayotoka humo na kulipa kwa ulinzi. Hao wachache ndio wanaotafutwa na sayansi.

Namna wanavyopigana

Makundi mawili yametajwa zaidi katika tafiti za migomba. La kwanza ni Bacillus, na la pili ni Pseudomonas. Silaha zao zinaweza kugawanywa katika nne.

Ya kwanza ni kuwahi nafasi. Mzizi mchanga una sehemu chache ambazo kuvu inaweza kushika na kupenya. Bakteria rafiki wakitangulia kujenga utando juu ya mzizi, kuvu hukuta mlango umejaa watu. Ya pili ni njaa. Pseudomonas hutoa vitu vinavyonasa madini ya chuma yaliyomo udongoni na kuyapeleka kwenye seli zao, na kuvu ikikosa chuma hudhoofika. Ya tatu ni sumu. Bacillus hutengeneza kemikali kama iturini na fenjisini, zinazotoboa utando wa seli za kuvu, na baadhi ya bakteria hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ukuta wa kuvu. Ya nne ni kuamsha kinga. Mmea unapogusana na bakteria hao hujiweka katika hali ya tahadhari, na adui akifika hujibu upesi zaidi, jambo linalofanana kwa mbali na kazi ya chanjo kwa binadamu.

Bacillus ana sifa moja inayompa thamani sokoni. Hali inapokuwa ngumu hujifunga ndani ya ganda lake na kulala. Anaweza kukaushwa, kutiwa kwenye pakiti na kusafirishwa, kisha akaamka akikutana na maji na chakula. Pseudomonas hana ganda la namna hiyo, hivyo huhitaji ubaridi na uangalizi zaidi. Kwa nchi ambako duka la pembejeo lina paa la bati na halina jokofu, tofauti hiyo si ndogo.

Wazo hili si geni katika kilimo cha dunia. Bidhaa yenye Bacillus aliyepatikana katika bustani ya mipichi huko California imeuzwa tangu mwanzoni mwa karne hii dhidi ya kuvu za mboga na matunda, na kampuni iliyoitengeneza ilinunuliwa na Bayer ya Ujerumani mwaka 2012. Nchini Sweden, Pseudomonas alianza kutumika kibiashara miaka ya 1990 kutibu mbegu za shayiri badala ya dawa za kemikali.

Ushahidi unasema nini

Kwa upande wa migomba, ushahidi unaotajwa zaidi unatoka China. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing walichukua Bacillus kutoka kwenye udongo wa mizizi ya mgomba uliobaki na afya katika shamba lililojaa maradhi. Walimzalisha, wakamchanganya na mboji, kisha wakaweka mchanganyiko huo katika mashamba ya kisiwa cha Hainan. Pale ulipotumika kwa misimu iliyofuatana, mnyauko ulipungua kuliko pale ilipotumika mboji tupu au mbolea ya kemikali. Uchunguzi wa udongo ulionyesha kwamba jamii nzima ya vijidudu ilikuwa imebadilika. Yaani bakteria aliyeongezwa hakupigana peke yake, bali alivuta wenzake.

Amerika ya Kati imetoa funzo la aina nyingine. Tafiti zilizofanywa Nikaragua na Kosta Rika, na kuchapishwa mwaka 2015 na 2017, zililinganisha migomba yenye afya na iliyougua katika mashamba yale yale, na pia migomba iliyopandwa peke yake na ile iliyochanganywa na miti na kahawa. Migomba iliyobaki na afya ilikuwa na muundo tofauti wa bakteria. Katika mashamba ya mchanganyiko, jamii zinazohesabiwa kuwa rafiki, Pseudomonas akiwamo, zilikuwa nyingi zaidi. Karibu na kwetu, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, wenye kituo Dar es Salaam, walichapisha mwaka 2020 uchambuzi wa vijidudu vya mizizi ya migomba yenye dalili na isiyo na dalili katika mashamba yaliyoambukizwa.

Matokeo hayo yana maana ya pekee kwa kanda hii. Kibanja cha Mhaya, shamba la Muganda au boma la Mrundi ambamo mgomba husimama pamoja na kahawa na maharage, likalishwa samadi na kufunikwa matandazo, ni aina ya mfumo ambao sayansi sasa inauona kuwa rafiki kwa bakteria walinzi. Mababu hawakuvijua vijidudu kwa majina, ila walivilisha.

Hata hivyo haifai kuvuka mpaka wa ushahidi. Kisukari hufa pia ndani ya vibanja vilivyotunzwa. Na tafiti nyingi zinazotoa asilimia za kupendeza za mafanikio zilifanyika kwenye vyungu ndani ya vitalu, ambako udongo umechemshwa, maji yanapimwa na kuvu iliyowekwa ni ya kiasi kinachojulikana. Shambani, bakteria mgeni huingia kwenye soko lenye wenyeji mabilioni. Jua likiwa kali, udongo ukiwa na tindikali nyingi au mboji ikiwa haba, anaweza kutoweka ndani ya wiki chache. Udongo wenye tindikali, ambao ni tatizo la kudumu katika nyanda za juu za Burundi na Rwanda, ndio pia unaoipendeza kuvu ya Fusarium. Katika mahali kama hapo, chokaa na samadi ni sehemu ya tiba kabla pakiti ya bakteria haijafunguliwa.

Jambo la kusisitiza ni kwamba hakuna utafiti hata mmoja kati ya hizo unaodai kumfufua mgomba ambao mishipa yake imekwisha kuzibwa. Bakteria rafiki ni mlinzi wa mlangoni. Mwizi akishaingia chumbani, mlinzi huyo hana la kufanya.

Soko linaloweza kuharibu imani

Hapo ndipo hatari ya kwanza inapojitokeza. Mkulima aliyepoteza nusu ya migomba yake hatafuti mlinzi. Anatafuta mganga, na soko huwa tayari kumuuzia. Bidhaa za vijidudu zina udhaifu ambao dawa ya kemikali haina: mnunuzi hawezi kujua kwa macho, kwa harufu wala kwa uzito iwapo kilichomo kwenye chupa kiko hai. Uchunguzi wa bidhaa 65 za vijidudu vya kilimo uliochapishwa mwaka 2015 ulibaini kuwa takriban asilimia 40 hazikuwa na kijidudu chochote kati ya vilivyotajwa kwenye lebo. Zilikuwa na vijidudu vingine tu vilivyoingia kwa bahati mbaya. Nyingi ya bidhaa hizo zililenga kurutubisha mimea na si kupambana na kuvu, lakini njia za kuzitengeneza na kuzihifadhi ni zile zile.

Madhara ya bidhaa mbovu hayaishii kwenye fedha za msimu mmoja. Mkulima aliyenunua maji ya rangi akidhani ni bakteria hatanunua tena, hata bidhaa nzuri itakapofika. Tena, akiamini kwamba shamba lake limetibiwa, ataendelea kuchukua machipukizi humo na kumgawia jirani. Imani ya uongo husambaza maradhi haraka kuliko kukata tamaa.

Kenya ina uzoefu unaoweza kuwafaa majirani. Bodi yake ya kudhibiti viuatilifu, PCPB, imekuwa na utaratibu mahususi wa kusajili bidhaa za vijidudu kwa muda mrefu kuliko nchi nyingi za Afrika, na mashamba ya maua na mboga huzitumia. Hapa ni muhimu kuona kilichosukuma mabadiliko hayo. Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiruhusu klorothalonili mwaka 2019 na mankozebu mwaka 2020, dawa mbili za kuvu zilizokuwa zimezoeleka sana. Shamba linalouza Ulaya lina sababu ya kifedha ya kutafuta njia mbadala, kwa sababu shehena yenye masalia ya dawa yaliyozidi kiwango inaweza kukataliwa bandarini.

Mkulima wa kisukari wa Karagwe au Muyinga hana mnunuzi wa Ulaya. Ndizi yake huliwa mjini kwao, au huvuka mpaka juu ya baiskeli na malori bila mtu kuuliza ilikingwa kwa nini. Soko halimlipi nyongeza hata senti moja kwa kutumia bakteria. Anayenufaika na ulinzi wake ni jirani ambaye shamba lake litabaki safi. Kwa lugha ya uchumi, ulinzi wa udongo ni faida ya wote inayogharimiwa na mmoja, na faida za namna hiyo hazijawahi kuenea zenyewe bila mkono wa serikali.

Mche ndio lango

Wataalamu wengi wanaona kwamba mahali panapofaa zaidi kuanzia si shambani bali kwenye kitalu. Miche inayozalishwa maabara kutokana na tishu huwa haina maradhi, na kwa sababu hiyo imehimizwa kote katika kanda. Lakini usafi huo una upande wa pili. Mche unaotoka kwenye chupa ya maabara hauna adui, na hauna rafiki pia. Vijidudu vilivyokuwa vikiishi na mama yake vimeachwa nyuma. Ukipandwa moja kwa moja kwenye udongo wenye kuvu, unaweza kushambuliwa kwa urahisi kuliko chipukizi la kawaida.

Wiki zile ambazo miche hiyo huzoezwa hali ya nje, kabla ya kupelekwa shambani, ni nafasi adimu. Mzizi ni mtupu, udongo wa kitalu ni kidogo na safi, na kiasi cha bakteria kinachohitajika kwa mche mmoja ni haba. Kuwapa bakteria rafiki hapo ni rahisi kuliko kutibu ekari nzima. Pia ubora unaweza kukaguliwa: ni rahisi zaidi kwa serikali kukagua vitalu 20 kuliko maduka 2,000 ya pembejeo. Gharama inaingizwa kwenye bei ya mche, na hapo ruzuku, kama ipo, hujulikana inakwenda wapi.

Kizingiti ni kwamba wakulima wengi hawanunui miche. Wanapewa. Chipukizi ni zawadi ya harusi, ni msaada wa ndugu kwa ndugu aliyehamia, ni alama ya ujirani mwema. Familia zilizogawanywa na mpaka wa Burundi na Tanzania, au wa Rwanda na Kongo, hubadilishana machipukizi kama zinavyobadilishana salamu. Kuna pia wakimbizi waliorudi makwao na mbegu walizozizoea ugenini. Hakuna sheria ya karantini itakayofuta desturi hiyo kwa tangazo la redio. Inaweza tu kuipa njia iliyo salama zaidi, kwa mfano vitalu vya kata vilivyo karibu na mipaka ambako mtu anaweza kubadilisha chipukizi la nyumbani kwa mche uliokaguliwa.

Majirani wenye taasisi nyingi na mpaka mmoja

Kwa karatasi, kanda hii haina upungufu wa taasisi. Tanzania ina mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, yenye makao Arusha, na watafiti wa migomba wa TARI huko Maruku, Bukoba. Uganda ina NARO na kituo chake cha Kawanda. Kenya ina KEPHIS, Rwanda ina RAB, Burundi ina ISABU na Kongo ina INERA. Nchi hizi zote sita ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kongo ikiwa imejiunga mwaka 2022.

Pengo lililopo ni la kuunganisha. Bidhaa ya bakteria iliyokaguliwa na kusajiliwa Nairobi hailazimiki kutambuliwa Bujumbura, na gharama ya kurudia majaribio katika kila nchi humfanya mtengenezaji aangalie masoko makubwa tu. Matokeo yake ni kwamba nchi ndogo, ambazo wakulima wake hutegemea mgomba zaidi, ndizo hubaki bila bidhaa zilizothibitishwa na kujazwa zisizothibitishwa. Wakati huo huo kuvu haihitaji usajili. Husafiri kwenye tope la viatu, kwenye tairi la lori na kwenye mizizi ya chipukizi lililofungwa kwa jani la mgomba.

Uzoefu wa mnyauko bakteria baada ya mwaka 2001 unatosha kuwa kumbukumbu. Kila nchi ilipambana na maradhi hayo yalipofika kwake, na kila mara yalikuwa yamekwisha kuvuka. Mbinu rahisi zilizofanya kazi, kama kukata ua dume, kusafisha panga kwa moto na kuondoa shina lililougua, zilikuwa zinajulikana upande mmoja wa mpaka huku upande wa pili wakulima wakiendelea kung'oa mashamba mazima kwa hofu. Tofauti ni kwamba shamba lililosafishwa mnyauko bakteria linaweza kupandwa tena baada ya miezi. Shamba lililoingiwa na TR4 hubeba maradhi hayo kwa kizazi kizima.

Njia nyingine zinaendelea kutafutwa. Taiwan ilichagua kutoka katika Cavendish yake migomba yenye uvumilivu dhidi ya TR4. Australia iliidhinisha mwaka 2024 Cavendish iliyobadilishwa vinasaba kwa kutiwa jini la ndizi pori. Lakini kumtafutia mrithi kisukari, ambaye walaji wanampenda kwa ladha yake na wauzaji wanamjua kwa jina, ni kazi ya miaka mingi. Bakteria rafiki wanaweza kununua sehemu ya muda huo, hasa wakiandamana na miche safi, samadi, chokaa panapohitajika na mchanganyiko wa aina za ndizi shambani.

Muda unaonunuliwa una thamani pale tu unapotumiwa. Nchi itakayogawa pakiti za Bacillus huku ikiacha malori yavuke na tope, na maduka yauze chupa zisizopimwa, itakuwa imeajiri mlinzi na kuacha ukuta wazi. Ile itakayoanza na kitalu, ikampa afisa ugani ujuzi wa kutofautisha minyauko miwili, na ikakubali hati ya ukaguzi ya jirani yake, itakuwa imewapa bakteria hao nafasi ya kufanya kazi wanayoiweza. Ruvuma ni mto mpana, lakini haujawahi kuzuia chipukizi la mgomba kuvuka.